Kuwatoa Watoto Chuoni: Je, Ni Kula Amana?

Ndugu zangu, mzee mmoja alinijia kwa hasira kwa kuwa niliwapeleka pwani wanafunzi wangu wa miaka 7 na 8. Akasema: "Sheikhe, mwanangu nimekupa umsomeshe, si umtembeze." Neno lake si la kupuuzwa, kwani saa za mtoto ni amana, na mwalimu awatembezaye bila ya jambo la kuwafunza amekula amana hiyo.

Lakini siku ile tulichomeka fimbo mchangani kabla ya adhuhuri. Watoto wakaona kivuli kikipungua, kisha kikirefuka, wakakipima kwa shubiri, hata kilipozidi kile cha zawali kwa kadiri ya urefu wa fimbo, wakapiga kelele: "Alasiri!" Mwana wa mzee huyo alikuwa ameyahifadhi maneno hayo kwa ghibu mwaka mzima, wala hajui ni kivuli kipi.

Jibrili, alayhi ssalaam, alimfundisha Mtume wetu nyakati kwa kumsalisha siku 2, mwanzo wa wakati na mwisho wake.

Kurani ya siku ile haikusomwa, nakiri. Niliilipa Alhamisi, siku yangu ya mapumziko. Mzee angali hajaridhika. Nami namuuliza: mwanao akiwa chomboni, hana saa wala hasikii adhana, atashika lipi?