Nani Amelipia Raha Yako?

Wiki hii nataka tufikirie swali ambalo wengi wetu huliuliza kimoyomoyo, halafu tunalijibu haraka kabla halijatusumbua. Je, ni haki mtu kutumia pesa nyingi kwa raha ambayo haizai chochote, hali anajua kuna watu wenye shida?

Swali hili lililetwa kwetu na picha. Kuna mume na mke waliokuwa wakiabudu nasi hapa kabla ya kuhamia Marekani. Juzi walikodisha gari-nyumba, wakazunguka jangwa la Utah kwa siku 9, kisha wakatuma picha kwenye grupu. Miamba myekundu, kahawa mezani nje ya gari, wawili wakicheka. Wengine waliandika amina. Wengine walinyamaza, kile kimya kinachosema mengi. Mama mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza bila kuzunguka: "Pasta, kwani hizo pesa si zingemaliza paa la darasa la watoto?"

Simlaumu. Ni swali zuri na linastahili jibu lenye hesabu.

Kwanza tuielewe safari yenyewe. Gari-nyumba ni gari kubwa lenye kitanda, jiko, friji na choo ndani. Mchana unaendesha, jioni unaegesha kambini, unalala humo humo. Walianzia Las Vegas, wakaingia Zion, ambako mto Virgin umekata mwamba mpaka kuta zake zinapanda zaidi ya mita 600. Wakapanda Bryce Canyon, penye maelfu ya nguzo za mawe zilizochongwa na baridi: maji huingia kwenye nyufa, huganda usiku, hutanuka na kupasua jiwe kidogo kidogo. Kisha wakafuata barabara nambari 12 mpaka Capitol Reef, na wakamalizia Arches, karibu na mji wa Moab.

Sasa wasafiri wenyewe. Mke ni nesi wa zamu ya usiku. Mume anaendesha lori. Kwa miaka 11 wamekuwa wakikutana mlangoni, mmoja akitoka, mwingine akiingia. Karo ya wadogo wao ilipitia mlango huo. Dawa za mama mzazi wa mume zilipitia hapo pia, na sadaka nyingi tulizopokea hapa kanisani.

Mke alinieleza kwa simu, na wameniruhusu niandike, kwamba siku mbili za kwanza walikosana tu. Walikosana kuhusu ramani, kuhusu maji, kuhusu nani alisahau kufunga kabati kabla gari halijang'oa, vikombe vikaanguka. Nyumbani mtu akikasirika huenda chumba kingine. Kwa gari-nyumba hakuna chumba kingine. Siku ya tatu vitu vidogo vya kugombania vikaisha, ndipo kile kikubwa kikatokea. Mama mzazi wa mume alifariki miaka 4 iliyopita, na mume hakuweza kuja kumzika kwa sababu karatasi zake hazikuwa zimekamilika. Alituma pesa za mazishi, akarudi kazini. Hawakuwahi kumlilia pamoja. Walimlilia Bryce, kambini, baridi ikiwa kali na injini imezimwa.

Haya, turudi kwa swali la mama. Najua majibu matatu ambayo watu hutoa, na yote matatu yana kasoro.

La kwanza: "Ni pesa yao, waachwe." Hili si jibu. Linatuambia tu nani ana uwezo wa kuamua. Halituambii kama ameamua vizuri. Mtu anaweza kutumia pesa yake halali kwa njia ya kipumbavu kabisa.

La pili ni la watu kama mimi tuliosomea biashara: safari ni uwekezaji. Ukipumzika utarudi kazini na nguvu, ndoa itaimarika, kwa hivyo mwishowe inalipa. Jibu hili linavutia, lakini lina sumu. Ukiitetea raha kwa faida yake, basi siku ambayo faida haitapatikana utakuwa umekubali kwamba haikuwa na haki ya kuwepo. Fikiria mzee aliyelala kitandani, ambaye hatafanya kazi tena. Akiomba kubebwa nje aone jua likitua, tutauliza inaleta nini? Tukisema raha lazima izae ndipo ihalalike, tumesema pia kwamba mtu lazima azae ndipo athaminiwe. Hesabu hiyo siikubali, hata kama ndiyo niliyofundishwa.

La tatu hutolewa na watu wa kanisa. Ni kile kisa cha mwanamke aliyemmiminia Yesu marhamu ya bei kali, na mwanafunzi mwenye kushika mfuko akanung'unika kwa niaba ya maskini. Watu hukitumia kunyamazisha kila anayeuliza kuhusu matumizi. Lakini tuwe waangalifu. Yule mama hakujimwagia mwenyewe. Kisa hicho kinaonyesha kwamba si kila kitu ambacho hakikuuzwa kwa ajili ya maskini kimepotea. Hakimpi mtu leseni ya kujinunulia chochote anachotamani.

Basi tufanye nini? Mimi napendekeza tubadilishe swali. Badala ya kuuliza raha hii inazalisha nini, tuulize: nani ameilipia? Na safari ya hawa wawili ina mambo matatu yanayotusaidia kulijibu.

Jambo la kwanza ni matangi. Gari-nyumba hubeba tangi la maji safi, tangi la maji machafu ya vyombo na bafu, na tangi la choo. Kuna geji ya kuonyesha kila moja limefika wapi. Nyumbani unafungua mfereji, unavuta maji ya choo, na hujui yanaenda wapi. Jangwani ukioga dakika 10, tangi moja linapungua, jingine linajaa, na mwishowe wewe mwenyewe utavaa glavu, utaunganisha mpira, na kumwaga uchafu wako mahali palipotengwa. Raha ya haki hubeba taka zake. Tuseme ukweli, ni raha ngapi hapa kwetu zinabebwa na mtu mwingine? Kuna harusi za fahari ambazo mwenye hema na mpishi bado wanadai. Kuna sherehe nyumbani ambapo kila mtu amefurahi, lakini msichana wa kazi amelala saa nane za usiku akiosha sufuria.

Jambo la pili ni udongo. Huko Arches kuna udongo mweusi wenye vijivimbe, unaonekana kama uchafu tu. Kumbe uko hai. Ni viumbe vidogo sana vinavyoshikanisha mchanga usipeperushwe na upepo, na vinavyosaidia kuhifadhi maji ili mimea iote. Ukiukanyaga, unavunjika, na kupona kwake kunaweza kuchukua miaka mingi, hata makumi ya miaka. Ndiyo maana wageni wanaambiwa wasiache njia. Udongo haulii ukikanyagwa. Vivyo hivyo kuna watu wanaolipia raha zetu bila kutoa sauti. Mtoto aliyeambiwa "muhula ujao" kwa sababu baba amenunua gari lisilo la lazima, hatapiga kelele. Ataelewa tu, na alama ya kiatu itabaki.

Jambo la tatu ni matunda. Ndani ya Capitol Reef kuna mahali panapoitwa Fruita, penye mashamba ya matunda yaliyoanzishwa na walowezi wa Kimormoni katika karne ya 19. Hifadhi bado inayatunza. Msimu ukifika, mgeni anaruhusiwa kuchuma. Ukila ukiwa ndani ya shamba, ni bure. Ukitaka kubeba, kuna mizani: unapima mwenyewe, unalipa mwenyewe. Hakuna askari wa kukusimamia. Wawili wetu walichuma mapichi, wakala wakashiba, wakapima yale ya kubeba, wakalipa. Mke alisema hayo ndiyo mapichi matamu zaidi aliyowahi kula. Namwamini. Kitu ambacho hakuna anayekudai kina ladha yake.

Hapa lazima niongeze jambo gumu. Lile bonde la Zion lilipata jina hilo kutoka kwa walowezi waliofika miaka ya 1860 wakitafuta kimbilio. Lakini watu wa kabila la Paiute walikuwa wakiishi sehemu hizo tangu zamani, na ujio wa walowezi uliwanyang'anya ardhi na maji. Serikali ilipolitenga bonde hilo mwaka wa 1909, ililipa jina la Kipaiute, Mukuntuweap. Mwaka wa 1918 jina likabadilishwa kuwa Zion, na mwaka uliofuata ikawa hifadhi ya taifa. Kimbilio la mmoja lilikuwa nyumbani kwa mwingine. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa hadithi ya namna hiyo mara mbili.

Kwa hivyo hakuna raha duniani isiyo na deni lolote ndani yake. Tukisubiri raha iliyo safi kabisa, hatutawahi hata kunywa chai, maana kuna aliyechuma majani akiwa mgonjwa. Tunachoweza ni kujua aliyelipa, kulipa sehemu yetu, na kushukuru bila kujifanya hatuoni.

Sasa nimjibu mama yetu. Tukiuliza nani alilipia zile siku 9, jibu liko wazi. Karo haikukatwa. Duka halidai. Wazazi waliobaki hawakuachwa bila dawa. Walilipa wao wenyewe, kwa miaka 11 ya kukutana mlangoni. Kwa sababu hiyo nasema walikuwa na haki ya kwenda, hata kama wangerudi wamechoka na ndoa isingepata faida yoyote.

Kuna handaki moja pale Zion, lilifunguliwa mwaka wa 1930, lenye urefu wa karibu kilomita 1.8. Lilichimbwa wakati magari yalikuwa madogo. Kwa miaka mingi gari kubwa likitaka kupita lilihitaji kibali, na wahudumu walisimamisha magari ya upande wa pili, kwa sababu gari kubwa lilipaswa kupita katikati ya barabara. Waliosimamishwa hawakuibiwa. Zamu yao ilikuja. Nikiitazama ile miaka 11, naona watu wawili waliosimama mdomoni mwa handaki, wakatupisha sisi wengine: wadogo wao, wazazi wao, hata kanisa hili. Mara hii wamepita wao. Si vizuri tuwapigie honi.

Na paa la darasa? Bado linahitaji mabati. Lakini ni deni letu sisi tunaokaa chini yake. Ukiona picha ya mwenzako akicheka, usiigeuze kuwa risiti. Na wewe unayesema "tukistaafu ndio tutakaa pamoja", kumbuka mwenzako anazeeka leo. Huhitaji Utah. Ng'ambo ya Kajiado kuna vilima, na matatu inafika. Funga simu, beba chai kwa thamosi, hakikisha hudaiwi na mwenye duka, halafu uende.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:

1. Raha ya mwisho niliyojipa, nani aliilipia? Anajua kwamba najua?

2. Ni nani amekuwa akinipisha kwa miaka mingi, na zamu yake itafika lini?

3. Ni jambo gani kubwa mimi na mwenzangu tumelikwepa kwa kugombania vitu vidogo?

Mungu awabariki. Tukutane Jumapili.