Mwenye Pembea

Mtoto wa Jego aliyewahi kwenda Mombasa wakati wa Idi aijua pembea. Hulipa, hupanda, huzungushwa. Wala haulizi ni mali ya nani. Sikukuu ikiisha, vyuma hufunguliwa, mbao hupakiwa garini, uwanja ukabaki mtupu.

Basi fikiri, msomaji: je, mwenye pembea adimu ana haki ya kuivunja akaiuza vipande vipande? Sheria haimkatazi.

Mjini Youngstown, Marekani, palikuwa na pembea ya farasi 48 wa mti, iliyoundwa mwaka 1922. Mwaka 1984 bustani yake iliungua, nayo ikatiwa mnadani. Wakusanyaji wa vitu vya kale hupenda kununua farasi mmoja mmoja, kwa bei kubwa, wapambie sebule. David Walentas na mkewe Jane waliinunua nzima (walikuwa na mali, si kila mtu aweza), wakaisafirisha mpaka New York. Jane alikwangua rangi kuukuu kwa miaka mingi; mwaka 2011 watoto wakaipanda tena.

Utasema farasi wa sebuleni hutunzwa vizuri zaidi: hanyeshewi, hapigwi mateke. Ni kweli, lakini amekuwa kinyago. Mzunguko, ambao ndio pembea yenyewe, haugawanyiki. Aliyenunua mti na chuma amepokea pia dhamana ya furaha ya watu asiowajua.

Hata hivyo simlaumu upesi maskini aliyebanwa na deni, kwa kuwa mdai hangoji sikukuu. Namtaka jambo moja tu: kabla hajamng'oa farasi wa kwanza, awaite wanaoipenda pembea ile, awaulize kama waweza kuchanga wakainunua nzima.