Kapteni Amesema, Nani Amejibu?

Tangu ndege ya madaktari ianguke Mwihoko, Ruiru, Agosti 7, 2025, na kuua watu sita, wawili kati yao wakiwa watu waliokuwa chini, gumzo la ndege halijaisha huku kwetu Thika. Kwa kinyozi na kwenye vibanda vya chai kila mtu ni mchunguzi. Chanzo cha ajali ile tuwaachie wenye kazi yao. Ipo ajali nyingine iliyotuumiza Wakenya, ambayo uchunguzi wake ulikamilika zamani, na hiyo ndiyo ningependa tuizungumzie.

Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, safari nambari 507, ilikuwa Douala, Kameruni, ikitokea Abidjan kurudi Nairobi. Mvua ilikuwa imeichelewesha. Ndege yenyewe, Boeing 737-800, haikuwa imetimiza mwaka kazini. Kapteni alikuwa na umri wa miaka 52 na zaidi ya saa 8,500 angani. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 23, mwenye saa zipatazo 800. Kwa umri angeweza kuwa mwanawe.

Waliruka mwendo wa saa sita na dakika sita usiku, tena bila ruhusa ya mnara. Kati ya wawili hao hakuna aliyemkumbusha mwenzake. Nje kulikuwa giza tupu, hakuna taa wala upeo wa macho wa kumwonyesha rubani ndege imekaaje. Tangu magurudumu yaachane na ardhi, ndege ilikuwa ikilalia kulia kidogo kidogo, na kapteni akawa anairudisha kwa mkono. Walipofika kama futi elfu moja, akatamka neno la kuonyesha kwamba otopailoti sasa ishike, kisha akaachia usukani.

Kijana hakujibu. Kanuni ilimtaka aangalie alama kwenye kioo mbele yake, aone kama otopailoti imeshika kweli, kisha aseme kwa sauti. Haikuwa imeshika. Kwa sekunde zipatazo 55 ndege ile haikuwa na mwenyewe: mkubwa akiamini inaendeshwa na mtambo, mdogo akiamini inaendeshwa na mkubwa. Nayo ikaendelea kulala kulia, polepole mno kiasi kwamba mwili wa binadamu haushtuki. Sikio la ndani ndilo linalotuambia tumesimama wima au tumeinama, lakini mgeuko wa taratibu gizani hulipita bila kulishtua. Ndiyo maana rubani hufundishwa kuamini vipimo kuliko mwili wake. Usiku ule vipimo vilikuwepo, vizima, vikisema kweli.

Mlalo wa ndege ulipofika nyuzi 34, kengele ya onyo ikalia. Kapteni akashtuka, akashika usukani na kuukata kulia, upande uleule ambao ndege ilikuwa ikizama. Sauti zilizonaswa zinaonyesha msaidizi naye akitamka kulia, kisha akajisahihisha: kushoto, kushoto! Ilikuwa imechelewa. Ndege ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita 5 na kidogo kutoka uwanjani, ikiwa haijamaliza dakika mbili hewani. Wote 114 walikufa. Waokoaji nao walianza kwa kuitafuta mbali sana, upande wa Lolodorf, na ilipita zaidi ya siku nzima kabla ya mabaki kuonekana karibu na uwanja ilikotoka.

Ripoti ya Kameruni, iliyotolewa 2010, ililaumu marubani kwa kupotewa na mwelekeo gizani, na kwa kutofanya kazi kama timu. Iligusia pia tabia: mkubwa wa kuamrisha, mdogo wa kunyamaza.

Hapo ndipo funzo linapotuhusu sisi wa Thika. Nenda lango la kiwanda chochote uone lori likirudi nyuma. Taniboi amesimama nyuma, mkono juu: kuja, kuja, kata kushoto, hapo hapo! Dereva haoni nyuma, anategemea sauti tu. Taniboi akinyamaza, dereva mwenye akili hukanyaga breki, kwa sababu kimya hakimaanishi kuko salama. Lakini taniboi huyohuyo, dereva akimfokea mara mbili mbele ya watu, kesho atanyamaza hata akiona ukuta.

Tumelelewa kwa methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nyumbani ina kazi yake. Kwenye chumba cha marubani imeua watu. Kisiwani Tenerife, Machi 27, 1977, ndege ya KLM ikianza kukimbia ili iruke, mhandisi wake aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa imetoka njiani. Kapteni wake, mtu wa kuheshimika mno, alijibu kwa uhakika kwamba imetoka, na mhandisi hakuuliza tena. Ndege hizo mbili ziligongana, wakafa watu 583. Baada ya ajali za aina hiyo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Hata usukani haupokezwi kimya: mmoja husema nimeshika, mwenzake hujibu umeshika.

Kwa hiyo nawaomba wenye sacco za Thika Road, wasimamizi wa viwanda na wakubwa wa zamu hospitalini: amri ikitoka, daini jibu lake kwa sauti. Na mdogo akikukatiza kukuambia unakosea, usimfokee hata kama amekosea yeye. Kesho utahitaji aseme mapema, usukani ukiwa bado unageuzika.