Jicho na Deni Lake

Zamani kamera ilikuwa mali ya wachache. Leo mchungaji wa Kajiado huitoa ndani ya shuka yake, kwa kuwa simu imemfanya kila mtu mpiga picha. Walakini, msomaji, chombo hakina shauri. Wengi wafikao Amboseli hurudi na picha moja: ndovu mbele, Kilimanjaro nyuma. Hao wameazima macho ya waliowatangulia. Aliyeinama akatazama nyayo za ng'ombe vumbini ametumia jicho lake mwenyewe.

Je, jicho likiwa langu, nina ruhusa kulitumia nipendavyo? Kila picha ina kingo nne, na kilicho nje yake kimeachwa kwa hiari. Tazama Kitengela. Mtu aweza kupiga picha ya nyumbu uwandani, akaacha nyua za seng'enge na majumba yanayobana mapito yao ya kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Hakutamka uongo, lakini atazamaye ataamini kwamba uwanda u mzima kama zamani. Kuchagua ni haki ya mpiga picha. Kuchagua ili kudanganya ni dhuluma.

Jambo huwa zito zaidi tunapomwelekea binadamu. Katika ukame wa mwaka 2022 mizoga ya ng'ombe ilitapakaa malishoni Kajiado. Mfugaji aliyesimama kati yake alikuwa na jina, hasara na heshima. Je, apigwe picha? Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipeleka njaa ya Korem, Ethiopia, mbele ya macho ya ulimwengu mwaka 1984, na misaada ikamiminika. Laiti angaligeuza uso kwa haya, kilio kile kisingalifika mbali kwa nguvu ile. Basi kushuhudia msiba si kosa. Kosa ni kuokota majonzi ya mtu ili kujipatia sifa, kisha kumwacha pale pale.

Simu ina fadhila moja ambayo kamera ya filamu haikuwa nayo: picha huonekana papo hapo. Mwombe mtu ruhusa kwanza, kisha mwonyeshe. Akisema, "Huyu ndiye mimi," umeona vema. Akiinamisha uso, ifute, hata kama ni nzuri kupita zote ulizopata kupiga. Jicho ni lako, lakini uso ule ni wake.