Kufuli Tatu Mlangoni, 1234 kwenye Simu

Enyi wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Kabwe, enyi wa Miyomboni na Mashine Tatu, nanyi wauza mbao wa Mafinga, nisikilizeni! Jioni mnafunga duka kwa kufuli tatu, mnamlipa mlinzi akeshe na rungu katika baridi ya Juni, kisha mnalala na simu ambayo namba yake ya siri ni 1234. Kijana wa dukani anaijua. Shemeji anaijua. Fundi aliyebadilisha kioo juzi mlimwandikia kwenye kikaratasi!

Mnasema, "Nina kibanda tu, nani atahangaika nami?" Ole wenu! Tapeli hapimi ukubwa wa duka. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anawarushia watu wengi, akimngoja mmoja ambaye siku hiyo kweli anadaiwa. Na nani kati yetu hadaiwi?

Ndugu zangu, anapitia kwenye adabu yetu. Mtu akikuamkia "Kamwene", akakuita mama, utamkatiaje simu? Anasema yeye ni wa huduma kwa wateja, umsomee tarakimu zilizoingia sasa hivi. Mkatie! Ukizisoma, WhatsApp ya biashara imehama, na kabla ya chai ya saa nne wateja wako wameshaombwa malipo ya mzigo kwa jina lako.

Fuso limepakiwa mbao, mteja anakuonyesha ujumbe wa malipo. Ujumbe si hela! Angalia salio lako ndipo gari liondoke. Na anayekuletea bidhaa siku zote akiandika kwamba amebadili akaunti ya benki, mpigie kwa namba uliyo nayo tangu zamani, si ile iliyokuja na ujumbe.

Watu wa Mbeya, moto mnaujua. Mwanjelwa iliungua 2006, soko la SIDO likaungua 2017, na daftari la madeni lililokuwa kibandani likateketea na bidhaa. Leo daftari limehamia kwenye kompyuta moja, yenye programu za wizi mlizowekewa kwa bei ya soda. Kirusi kikifunga mafaili, ni moto uleule, ila hauna moshi wa kuwaamsha majirani. Nakilini kila Ijumaa kwenye diski ya nje, kisha ichomoeni ikalale nyumbani. Ikibaki imechomekwa, nayo itaungua.

Nanyi mawakala! Lile daftari lenye majina na namba za watu, mbona liko wazi kaunta kila apitaye asome? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, haikuandikwa kwa ajili ya mabenki peke yao.

Namba ya tapeli itumeni 15040. Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyenu. Na jioni hii, kabla hujafunga duka, badilisha namba ya siri. Shemeji akiuliza, mpe chai.