Aibu ya Kusema "Sijui"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii huambiwa wagonjwa, lakini yawafaa pia wasomao udaktari. Kwa maana ujinga nao ni maradhi, na mwenye kuuficha hatibiki.

Zamani, mahali pengi, wanafunzi wa udaktari walifundishwa hivi: wao mia wameketi ukumbini, mwalimu mmoja amesimama mbele, yeye anena, wao waandika. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, kilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari, kilishika njia nyingine. Waligawanywa katika makundi madogo, kila kundi na mwalimu wake. Walianza kwa habari za mgonjwa: umri wake, homa yake, maumivu yake. Walisemezana walijualo, wakataja wasilolijua, wakaenda kulitafuta vitabuni, kisha wakarudi kuelezana. Kazi ya mwalimu ilikuwa kuuliza kuliko kujibu. Njia hiyo ilifuatwa Maastricht, Uholanzi, tangu mwaka 1974, na baadaye ikafika kwetu, katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret.

Wako wasemao kwamba hii ni anasa. Ukumbini mwalimu mmoja hufundisha mia. Kundini hufundisha wanane. Nchi yenye walimu haba itawapata wapi wa kutosha? Tena, wasiojua wakikusanyika, watafundishana nini? Hoja hizi si za upuzi. Hotuba njema huwaonyesha njia watu wengi kwa saa moja, na kundi lisilo na mwalimu mwangalifu huweza kupotea pamoja. Lakini nauliza: ukumbi wamzoeza mtu tabia gani?

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikuwa hodari wa kutikisa kichwa. Katikati ya wenzangu wengi nilikubali nisiyoyafahamu, na hapana aliyenigundua. Kisha nikapewa darasa. Siku moja mtoto akaniuliza kwa nini mwezi huonekana mchana. Sikujua. Ningaliweza kusema, "Sijui, tutafute pamoja." Badala yake nilimpa jibu la kubuni, kwa sauti kubwa, naye akaliandika daftarini kwa mwandiko mzuri. Mwandiko ule wanisuta hata leo.

Kosa langu liliharibu ukurasa wa daftari. Kosa la tabibu huharibu nini? Aliyezoea kuuficha ujinga wake kati ya watu mia, ataukiri lini? Je, usiku wa manane, mbele ya mama atokwaye na damu, na ndugu zake wamemkodolea macho? Katika kundi la watu wanane hapana pa kujificha. Zamu ikimfikia atasema, "Sijui," wenzake watasikia, naye ataona kwamba aibu haikumwua. Atalisema tena na tena hata ulimi uzoee. Na usiku ule utakapofika, atamwita upesi aliye mjuzi kuliko yeye.

Basi, msomaji, labda hutakuwa tabibu, lakini leo u mwanafunzi. Mwalimu atakapouliza, "Mmefahamu?" na darasa zima likaitikia, "Ndiyo," jiulize kama sauti yako ilisema kweli. Kama haikusema kweli, inua mkono. Kuuliza si ujinga.