Mizani Baada ya Mzigo

Kumwondoa mtu katika kazi aliyokabidhiwa ni jambo zito, hata pale kazi yenyewe inapokuwa ni mchezo. Katika mpira wa miguu jambo hilo limefanywa jepesi. Msimu ukiharibika, kocha hufukuzwa. Mashabiki hupoa kwa muda, viongozi hushusha pumzi, na wote huamini kwamba donda limepata dawa. Kila mtu huuliza kama kocha ameshindwa. Ni wachache wanaouliza kipimo cha kushindwa huko kiliwekwa na nani, na kiliwekwa lini.

Mfano wa karibuni ulio wazi ni ule wa klabu ya Tottenham Hotspur ya London na kocha wake Ange Postecoglou, Mwaustralia mzaliwa wa Ugiriki. Alikabidhiwa timu mwezi wa Juni 2023. Siku moja kabla ya mechi yake ya kwanza ya ligi, mfungaji mkuu wa timu, Harry Kane, alikwishauzwa kwa Bayern Munich. Hata hivyo Tottenham ilimaliza msimu katika nafasi ya 5. Msimu wa pili, wa 2024-25, mambo yalikwenda mrama. Wachezaji muhimu waliumia mmoja baada ya mwingine, na katika mechi 38 za ligi timu ilifungwa mechi 22. Ilipata pointi 38 na kushika nafasi ya 17, ngazi moja tu juu ya wale watatu wanaoshushwa daraja. Lakini usiku wa tarehe 21 Mei 2025, mjini Bilbao, timu hiyo hiyo iliifunga Manchester United bao 1-0 na kutwaa Kombe la Ligi ya Europa. Lilikuwa kombe la kwanza la klabu hiyo tangu 2008, na la kwanza la Ulaya tangu 1984. Mwanzoni mwa msimu kocha alikwisha kutamka kwamba katika mwaka wake wa pili hushinda kitu siku zote. Walimcheka wengi, naye akashinda. Tarehe 6 Juni, siku 16 baada ya kulinyanyua kombe, alifukuzwa.

Msikilizaji wa kisa hiki aghalabu hukimbilia upande mmoja. Huyu husema, "Shukrani za punda ni mateke." Yule husema kwamba timu inayofungwa mara 22 haina cha kujadili. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli mkononi, na ndiyo maana ugomvi wao hauishi.

Yapasa kwanza kuusikiliza upande wa klabu, kwani ndio unaohukumiwa kwa haraka na wapenda haki. Klabu si mali ya kocha. Imekuwapo kabla yake na itabaki baada yake. Wapo waliorithi mapenzi yake kutoka kwa baba na babu, na wapo wanaokatwa mishahara midogo ili wanunue tiketi. Mwenye chombo anapomwangalia nahodha wake, haulizi tu kama mzigo wa jana ulifika bandarini. Huuliza pia safari ijayo itakwendaje. Ikiwa chombo kilifika huku tanga limechanika na maji yamejaa ngamani, mwenye chombo hana kosa akiingiwa na wasiwasi, hata kama mzigo ulifika salama na ulikuwa wa thamani. Klabu ya Tottenham ilisema maneno yanayokaribia hayo. Ilimshukuru kocha, ikalitukuza kombe, kisha ikaeleza kwamba uamuzi wa mbele hauwezi kujengwa juu ya hisia za ushindi ule.

Katika hoja hiyo kuna hekima. Fadhila hulipwa kwa heshima, wala hailipwi kwa cheo. Aliyetenda jema jana anastahili kukumbukwa, kusifiwa na kuagwa vizuri. Hastahili kwa sababu hiyo tu kupewa kazi ya kesho. Jambo hili lilijaribiwa kwa ukali zaidi mwaka 2017 katika mji wa Leicester. Claudio Ranieri aliiongoza Leicester City kutwaa ubingwa wa Uingereza wa msimu wa 2015-16, ubingwa ambao kabla ya msimu wacheza kamari waliwekewa uwiano wa 5,000 kwa 1. Haukupita mwaka, tarehe 23 Februari 2017, akafukuzwa, timu ikiwa nafasi ya 17 na pointi moja tu juu ya shimo la kushuka daraja. Dunia ya mpira ilimlilia. Lakini ukiyaondoa machozi, swali lilibaki pale pale: je, ubingwa wa jana ulikuwa deni ambalo klabu ilipaswa kulilipa kwa kukubali kuzama? Mtu mwadilifu anaweza kujibu kwamba sivyo, na asiwe mtovu wa shukrani.

Kwa hivyo shukrani peke yake haimlindi kocha. Wengi, wakilifikia hapa, hugeukia kipimo cha pili: matokeo. Husema kwamba uamuzi wa kufukuza au kuvumilia utajulikana ubora wake kwa yale yatakayofuata. Baada ya Ranieri kuondoka, msaidizi wake Craig Shakespeare alishinda mechi zake tano za mwanzo za ligi, na timu ikamaliza katika nafasi ya 12. Wakasema walioshangilia: mmeona? Na wale wa upande wa subira nao wana mtume wao, Alex Ferguson. Alijiunga na Manchester United mwezi wa Novemba 1986. Katika msimu wa 1989-90, baada ya miaka mitatu bila kombe, alifungwa 5-1 na mahasimu wa mji mmoja, Manchester City, na katika ligi akaishia nafasi ya 13. Viongozi wakamvumilia. Msimu ule ule akashinda Kombe la FA, na hadi alipostaafu mwaka 2013 alikwisha kuipatia klabu hiyo ubingwa wa ligi mara 13. Wapenda subira nao wakasema: mmeona?

Hawakuona, wala hawa wala wale. Katika fainali ile ya 1990 dhidi ya Crystal Palace, timu ya Ferguson ilikuwa nyuma kwa mabao 3-2 zilipobaki dakika saba za muda wa nyongeza, ndipo Mark Hughes akasawazisha. Kombe lilipatikana katika mechi ya marudiano kwa bao 1-0. Mtu na ajiulize: kama mpira ule wa Hughes ungegonga mwamba, je, kazi ya Ferguson ya miaka mitatu na nusu ingekuwa mbaya zaidi? Mazoezi yaliyofanywa asubuhi, vijana waliolelewa, nidhamu iliyojengwa, vyote vingebaki kama vilivyokuwa. Kingebadilika kitu kimoja tu, ambacho hakikuwa mkononi mwa mtu yeyote. Bahati ni mgeni anayekaribishwa, lakini haifai kukalishwa kiti cha kadhi.

Wala hadithi ya Shakespeare haithibitishi kinyume chake. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alizichunguza klabu za nchi yake kuanzia mwaka 1986 hadi 2004. Alizilinganisha timu zilizofukuza makocha zilipoanguka na timu nyingine zilizoanguka vivyo hivyo zisifukuze mtu. Akakuta kwamba zote huinuka, na kuinuka kwao hakupishani kwa kiasi cha maana. Aliyefika chini kabisa kwa kawaida hupanda, kwa kuwa mikosi haidumu. Basi kocha mpya hufika wakati maji yameanza kujaa, na watu wakamsifu yeye kwa kazi ya bamvua.

Ikiwa shukrani haitoshi, na matokeo ya baadaye hayawezi kutumika kwa kuwa anayehukumu hayajui, ni kipi kinachobaki? Hapa lugha yenyewe inatoa mwanga. Waswahili hulitumia neno moja, mizani, kwa chombo cha mfanyabiashara na kwa hesabu ya silabi katika ushairi. Mshairi hujua mizani yake kabla hajaanza kutunga. Aliyetunga utenzi wa mizani 8 hawezi kulaumiwa kwamba kila mshororo umepungukiwa na mizani 8 nyingine, eti kwa sababu msomaji, alipomaliza kuusoma, alitamani shairi la mizani 16. Na mfanyabiashara anayebadilisha mawe ya mizani baada ya kuuona mzigo, hata kama mzigo ni mwepesi kweli, amekwisha kudhulumu.

Kwa kipimo hicho kitazamwe tena kisa cha Tottenham. Katika kueleza uamuzi wake, klabu ilitaja kwamba timu ilipata pointi 78 katika mechi 66 za mwisho za ligi. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini kocha yule aliiongoza timu katika mechi 76 za ligi, si 66. Kumi zilizoachwa ndizo mechi zake 10 za mwanzo, ambamo alikusanya pointi 26 kati ya 30. Ukizihesabu zote, wastani wake ni pointi 1.37 kwa mechi. Ukizikata zile 10, unashuka hadi 1.18. Hata huo wa 1.37 si wastani wa kujivunia, na pengine ungetosha kumwondoa. Ikiwa ungetosha, kulikuwa na haja gani ya kuzikata zile kumi? Tena katika miezi ya mwisho, timu tatu za chini zilipokuwa zimekwisha kuachwa mbali, kocha aliwapumzisha wachezaji wake katika ligi ili awatumie Ulaya. Mwisho wa msimu Leicester iliyoshika nafasi ya 18 ilikuwa nyuma yake kwa pointi 13. Mechi za ligi zilizopotezwa katika miezi ile zilikuwa sehemu ya bei ya kombe. Kombe likapokewa kwa shangwe, kisha bei yake ikaandikwa katika hesabu ya mtu mmoja.

Itasemwa kwamba mpira haupimiki hivyo. Kwamba hakuna klabu inayoweza kuandika mwezi wa Agosti ni kitu gani hasa kitakachomwokoa kocha mwezi wa Mei. Ni kweli kwamba si kila kitu huandikika. Lakini lipo linalowezekana: kumwambia mtu mwanzoni ni lipi la kwanza na lipi la pili. Je, kombe ni bora kuliko nafasi ya ligi, au nafasi ya ligi ni bora kuliko kombe? Je, kulea vijana kutahesabiwa, na kwa muda gani? Na pale mambo yanapobadilika, kama yalivyobadilika kwa majeruhi wa msimu ule, kocha aambiwe mizani imebadilika kabla hajaendelea kupakia. Kufanya hivyo hakuhitaji elimu ya nyota, kunahitaji uaminifu.

Uaminifu huo una sehemu ya pili iliyo ngumu zaidi: anayepima naye akubali kupimwa. Tangu mwaka 2001 mwenyekiti wa Tottenham alikuwa Daniel Levy. Katika enzi yake Mauricio Pochettino alifukuzwa mwezi wa Novemba 2019, miezi michache baada ya kuifikisha klabu katika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya; José Mourinho alifukuzwa mwezi wa Aprili 2021, siku 6 kabla ya fainali ya Kombe la Ligi; Nuno Espírito Santo alifukuzwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Manahodha wanapobadilishwa mara kwa mara na chombo kikaendelea kuvuja, si ufidhuli kuuliza juu ya mbao na mwenye kuzinunua. Levy mwenyewe aliondoka tarehe 4 Septemba 2025, miezi mitatu baada ya kumwondoa kocha aliyeleta kombe la pili kati ya makombe mawili tu ya enzi yake.

Wapo watakaosema kwamba huruma hii imepotea njia, kwa kuwa makocha hawa hulipwa fedha nyingi na hufukuzwa kwa fidia ambayo mvuvi hataipata kwa uhai wake wote. Fidia hulipa mkataba. Hailipi jina. Postecoglou alipata kazi nyingine mwezi wa Septemba 2025 katika klabu ya Nottingham Forest, akakaa siku 39 na mechi 8 bila ushindi, akafukuzwa tena. Yamkini hakuifaa kazi ile. Lakini aliingia kwa jina la mtu aliyeshika nafasi ya 17, si la mtu aliyeshinda Ulaya, na kila sare ilisomwa kama ushahidi wa kesi ya zamani. Jina likishapimwa kwa mizani ya udanganyifu, huuzwa kwa bei hiyo katika kila soko.

Basi, je, klabu imfukuze kocha baada ya msimu wa kuvunja moyo? Inaweza, na mara nyingine ni wajibu wake, kwani mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini iweze kuonyesha mambo matatu: kwamba kipimo kilijulikana kabla ya kazi, kwamba kazi imehesabiwa yote, yenye kupendeza na yenye kuudhi, na kwamba waliompa kazi wamepanda juu ya mizani ile ile. Klabu ikiweza hayo, kocha ataondoka na huzuni yake, bila ya dhuluma. Isipoweza, basi hata kama kocha atakayefuata atashinda makombe yote ya Ulaya, ushindi huo hautageuka kuwa ushahidi kwamba yule wa kwanza alitendewa haki.